Bibi Afya na Mchango wa Barabara

Mtaani kwetu Shirimatunda sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bibi Afya, kwa sababu kabla ya kustaafu alizunguka mji wa Moshi miaka mingi akikagua vyoo, mabucha na migahawa, na alipostaafu akaendelea kukagua bila mshahara. Ukimkaribisha kwako hakai kwanza. Anapita moja kwa moja uani, anafunua pipa la maji, anachungulia chini ya kabati la vyombo, ndipo anarudi sebuleni, anakaa na kusema, "Haya, sasa tusalimiane."

Mke wangu alimwogopa kuliko mama mkwe wake. Akisikia sauti yake getini, masufuria yaliyolowekwa tangu asubuhi yalikimbizwa chumbani kwetu na kusukumwa chini ya kitanda. Tulidhani hajui. Siku moja alimaliza ukaguzi wake, akanywa chai yake, akaaga vizuri, na alipofika mlangoni akageuka akamwuliza mke wangu kwa upole, "Na kule chini ya kitanda, mama, tupitie leo au wiki ijayo?"

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye miguu ya mtu aliyepanda na kushuka milima tangu utotoni. Masika na kiangazi alivaa mabuti ya mpira. Hakupenda maneno mengi kwenye mambo ya fedha. Mtu akianza kujieleza, ada za watoto, ng'ombe amegoma kushika mimba, kahawa mwaka huu imeangusha maua, yeye alimkata: "Usiniambie huna. Niambie hutaki, tumalize mapema."

Ukitaka kujua akili yake ilivyofanya kazi, ungemtazama Jumapili baada ya ibada. Kanisani kwetu sadaka za mazao hunadiwa pale nje: mikungu ya ndizi, trei za mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Bibi Afya alikuwa na kawaida ya kusimama nyuma ya mzee mmoja jirani yetu, ambaye sote tulimwita Mzee wa Kona. Huyu alifanya biashara ya mpakani kule Tarakea mpaka akajenga ghorofa pale barabara ya mtaa wetu inapokutana na lami. Mnadi akitaja bei ya mkungu, Bibi Afya alikuwa wa kwanza kuongeza. Mzee wa Kona hakukubali kushindwa na mwanamke wa pensheni mbele ya mchungaji, kwa hiyo naye aliongeza. Bibi Afya akaongeza tena. Walipandishana hivyo mpaka mkungu mmoja ukawa na bei ya mbuzi, na hapo Bibi Afya alipiga makofi kwa furaha na kusema, "Mungu akubariki, baba, umenishinda." Nilimwona akifanya hivyo Jumapili nyingi, na sikuwahi kumwona akienda nyumbani na mkungu.

Mimi nauza chakula cha mifugo, pumba na mashudu, na duka langu liko karibu na mwanzo wa barabara hiyo ya mtaa. Ndivyo nilivyoponzwa. Siku tulipoamua kutengeneza barabara, Bibi Afya alichaguliwa mwenyekiti wa kamati kwa sababu hakuna aliyethubutu kusimama dhidi yake. Akatazama huku na huku akitafuta katibu, macho yake yakatua kwangu. "Wewe una meza na una kalamu," alisema. "Ulishakuwa katibu, ulikuwa hujaambiwa tu." Tangu siku ile hakuniita kitu kingine. Hata mbele ya watoto wangu nilikuwa Katibu.

Barabara yenyewe ilihitaji huruma. Masika ikishuka, maji kutoka juu yalikuwa yanaipasua katikati, na chini ya tope lile kulikuwa na bomba la maji lililolazwa na wenye nyumba wa kwanza kabisa, bomba jembamba lililopasuka kila gari zito likipita. Wiki moja tuna maji barabarani na hatuna jikoni, wiki nyingine hatuna popote. Manispaa walikubali kuleta greda na kushindilia, ila moramu ya kumwaga juu, makalvati ya kupitishia maji ya mvua na bomba jipya tujinunulie. Kazi ikabaki moja: nani alipe kiasi gani.

Kikao cha kwanza kilifanyika uani kwa duka langu, watu wamekaa juu ya magunia ya pumba.

"Tugawane sawa kwa sawa," alisema jirani mmoja anayeongoza watalii mlimani, mwenye nyumba kubwa ya wapangaji. "Nyumba ni nyumba."

"Yangu ina vyumba viwili na yako kumi na kimoja," alijibu fundi cherehani, mama aliyeishi mwisho kabisa wa mtaa. "Hizo nazo ni nyumba na nyumba?"

"Lakini wewe uliye mwisho ndiye unayeikanyaga barabara yote," mwingine akadakia. "Sisi wa huku mwanzo tunaigusa tu."

"Walipe wenye magari! Mimi natembea."

"Ukizidiwa, utapelekwa hospitali umebebwa mgongoni?"

Ikawa kelele. Bibi Afya alikuwa amekaa pembeni anapukuchua maharage yake kwenye ungo, kana kwamba yuko kwake. Walipochoka akaniuliza, "Katibu, una mapendekezo mangapi hapo?"

"Saba, mama."

"Nisomee, na jina la aliyetoa."

Nikasoma. Akasikiliza yote saba, akatikisa ungo. "Mmesikia? Kila aliyependekeza, pendekezo lake linamfanya yeye alipe kidogo kuliko wenzake. Andika na hilo, Katibu, maana ndilo jambo pekee tulilokubaliana wote leo."

Watu walicheka, hata waliokasirika. Ilichukua vikao vitatu. Mwisho yeye ndiye aliyetoa njia. Bomba tulipe sawa, alisema, kwa sababu kila nyumba itafungua maji yale yale. Barabara tulipe kwa urefu wa kiwanja kinachoitazama, kwa sababu barabara ikiwa nzuri kinachopanda bei ni kiwanja, na mwenye upande mrefu ndiye atakayeuza kwa raha. "Kama hutauza," aliongeza, "wanao watauza. Wala msijidanganye kwamba watakaa."

Jumamosi iliyofuata akapita na mabuti yake, akapiga hatua mbele ya uzio mmoja baada ya mwingine, akitaja idadi kwa sauti, na mimi nyuma yake naandika. Mtu mmoja aliuliza kwa nini asitumie tepu kama mafundi. "Tepu inavutwa," alisema bila kusimama. "Miguu yangu mnaijua wote." Nilijisikia mtu muhimu sana siku ile, na daftari langu na kalamu mbili mfukoni.

Tulipofika kwa Mzee wa Kona, alitusubiri nje, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Msihangaike na uzio wangu. Geti langu linafungukia lami. Barabara yenu ya ndani mimi siitumii. Maji nina kisima. Sasa nilipie nini?"

Nilitarajia vita. Bibi Afya alimtazama kama anayemwonea huruma mgonjwa. "Baba, umesema kweli. Mtu asilipie asichokitumia. Katibu, andika: Mzee wa Kona haitumii barabara ya mtaa. Mzee, tia sahihi hapo."

Mzee alitia sahihi kubwa yenye mkia. Njiani nikamwambia Bibi Afya kwamba amekosea, kwamba sasa kila mtu atafungua geti la lami hata kama hana lami. "Katibu," alisema, "mimi mji huu nimeujua kwa upande wa nyuma. Tulia."

Nilikuja kuelewa baada ya miezi kadhaa. Mzee wa Kona alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa. Mahema yalifungwa mbele ya ghorofa, viti vikavalishwa vitambaa, ndafu, mbuzi mzima wa sherehe, akaanza kubanikwa tangu asubuhi. Na asubuhi hiyo hiyo, shimo la choo likafurika. Sisi tulilijua hilo kwa pua. Mzee akapiga simu haraka, gari la kunyonya maji taka likaja, na kwa kuwa shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, gari halikuweza kupitia upande wa lami kwa sababu ya mahema. Ilibidi liingie kwenye barabara yetu ya mtaa, ambayo wakati huo ilikuwa imeshamwagwa moramu na kushindiliwa vizuri.

Katikati ya barabara, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Bibi Afya. Anapukuchua maharage.

Dereva akapiga honi. Bibi Afya akainua mkono kumsalimia. Dereva akashuka. Mimi nilikuwa mlangoni kwa duka langu, nilisikia kila neno.

"Mama, shikamoo. Naomba kupita."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa mzee wa ghorofa hili."

"Huyo? Hapana, umepotea. Huyo haitumii barabara hii. Tuna sahihi yake. Katibu, mwonyeshe kijana."

Nifanyeje? Nilitoka na daftari. Dereva akasoma, akakuna kichwa. Wageni walikuwa wameanza kufika kutoka Mawenzi na Kibosho, wanawake wamevaa vitenge vya sare, wakishuka magarini na kuziba pua kwa leso. Mzee wa Kona akatoka, suti mpya, ua kifuani.

"Barabara hii ni ya serikali!" alipiga kelele. "Huna mamlaka ya kuifunga!"

"Kweli kabisa," Bibi Afya alisema. "Sijaifunga. Mimi nimekaa. Miguu inaniuma, baba, ni umri."

"Bibi Afya, nitakuitia polisi."

"Waite. Waje wanuse."

Mke wa Mzee wa Kona ndiye aliyeokoa sherehe. Alitoka na pochi yake, amevua viatu vya kisigino ameshika mkononi, akaniuliza, "Ni kiasi gani?" Sikuwa nimewahi kupiga hesabu ya uzio wao, kwa hiyo Bibi Afya akainuka kwenye kigoda, akapiga hatua zake kuanzia lami mpaka mwisho wa ukuta wao, wageni wote wakimtazama, harufu inapanda, na dereva anamsindikiza kwa macho kama anayetazama mpira. Nikazidisha. Mama akalipa. Bibi Afya hakuongeza faini hata senti. Aliniambia niandike stakabadhi, na nifute ile kauli ya mzee kwa mstari mmoja tu, ili isomeke bado.

Kisha akaenda nyumbani, akavua mabuti, na saa nane alikuwa kwenye ile sherehe na gauni lake la harusi za watu, amebeba beseni la zawadi kichwani, wa kwanza kucheza. Mzee wa Kona alimpelekea sahani ya nyama yeye mwenyewe. Nilimwuliza baadaye alijuaje kwamba shimo litajaa siku ile. "Sikujua siku," alisema. "Lakini nilikagua shimo lile wakati linachimbwa. Nilimwambia ni dogo kwa ghorofa. Akanijibu niende zangu. Nikaenda zangu."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye karata aliiba waziwazi, na ukimkamata alisema alikuwa anakupima macho. Alihubiri maji ya kuchemsha nusu ya maisha yake, na akipanda kwao juu mlimani aliinama kwenye mfereji na kunywa kwa viganja kama mtoto. Sokoni alimbana muuza ndizi mpaka yule mama akakaribia kulia, halafu akamnunulia chai na mandazi kwa fedha nyingi kuliko alizopunguziwa. Mimi kwenye duka langu alinidai nyongeza ya pumba kila mara, na nilimpa, kwa sababu kumnyima kulichosha zaidi.

Na alikosea pia, mara moja kwa uchungu. Kazi ilipofika katikati, wachangiaji wengine wakawa wanazungusha. Bibi Afya akaniagiza niandike orodha ya wasiolipa na kuibandika mlangoni kwa duka langu, kwa herufi kubwa. Ilifanya kazi. Watu walilipa wakinitukana. Likabaki jina moja, la yule fundi cherehani wa mwisho wa mtaa. Lilikaa pale wiki, likakaa ya pili. Nikaona yule mama hapiti tena mbele ya duka. Anazungukia shambani kwa watu, njia ndefu ya tope, amebeba mfuko wake wa vitambaa kichwani, ili asilipite jina lake.

Ni mke wangu aliyeleta habari. Mume wa fundi alikuwa amelazwa, amepasuliwa, na mama huyo alikuwa akishinda hospitali mchana na kushona jioni. Hakumwambia mtu. Nilimwambia Bibi Afya. Alikuja dukani, akaibandua ile karatasi taratibu kuanzia juu, akaikunja, akaanza kuila. Naapa, aliitia mdomoni, akatafuna kipande, akakitema. "Ina gundi," alisema, lakini macho yake hayakucheka. Akaenda mwisho wa mtaa kwa miguu. Alikaa kwa fundi mchana mzima.

Waliyozungumza sikuyajua. Nilichoona ni kwamba wiki mbili baadaye Bibi Afya alikuja kanisani na gauni jipya la kijani, la kijani kibaya, lenye mikono mipana iliyomfanya aonekane kama hema. Alilivaa Jumapili baada ya Jumapili. Mtu akimsifu kwa utani, alimtajia aliyelishona na kumwagiza akapimwe. Wengi walikwenda kupimwa. Orodha hatukubandika tena kamwe, na kwenye daftari langu, mbele ya jina la fundi, siku moja akaniamuru niandike "amelipa". Nilimwuliza stakabadhi iko wapi. "Umeniona mimi nikiiba?" aliuliza. Nilifikiria karata, lakini nikaandika.

Barabara iliisha. Siku maji yalipofunguliwa kwenye bomba jipya alipita nyumba hadi nyumba akiyaonja.

Miguu yake ilipochoka kweli, si ya kisingizio, mdogo wake alimchukua akakae kwao juu, upande wa Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloacha baba yao. Ilipita karibu mwaka kabla sijapanda kumwona. Nilibeba sukari na kifuko cha pumba kwa ajili ya ng'ombe wao, maana nilijua ataniuliza pumba kabla ya hali yangu.

Nilimkuta barazani, shuka miguuni, migomba imezunguka nyumba. Alikuwa amepungua sana. Akaagiza chai, akaniambia nihamishe kiti mahali ambapo angeniona usoni.

"Barabara?" aliuliza.

"Iko imara, mama. Shimo moja tu, karibu na kwa Mzee wa Kona."

"Na watu bado wanasema tuligawa kwa haki?"

"Wanasema. Mtaa wa pili walikuja kuazima daftari langu waige."

Alipuliza chai yake. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Wewe nilikupunja, Katibu."

"Kunipunja?"

"Kwako nilipiga hatua fupi, zikawa nyingi. Uzio wako haufiki hatua zile. Na uliandika mwenyewe kwa mkono wako."

Niliweka kikombe chini. Nilijiona nyuma yake Jumamosi ile, na kalamu zangu mbili. Hasira ilinipanda, siwezi kudanganya. Fedha zile nilizitoa kwenye mtaji wa duka, na miezi miwili niliuza pumba za magunia ya kukopa.

"Kwa nini mimi?"

"Ulikuwa na uwezo, na ulikuwa huhesabu."

"Na nani alipigiwa hatua ndefu? Fundi cherehani?"

"Ukimtaja mmoja nitakataa. Ukiwataja wote nitawakataa wote." Akajifunika shuka vizuri. "Nikikwambia, kuanzia kesho utamsalimia kwa namna nyingine. Sasa hivi mnasalimiana vizuri."

Niliwapitia wote kichwani, nyumba moja baada ya nyingine, na kweli, kila niliyemfikia nilianza kumwona kama mtu mwenye kitu changu. Nikaacha.

"Niliowapunja mlikuwa watatu," aliendelea. "Mmoja alikuja wiki jana, nikamwambia hivi hivi. Aliondoka hata chai hakumaliza. Wewe umenyamaza tu. Mimina nyingine."

Nikamimina. Tukanywa. Hasira, sijui ilipita wapi. Labda ni kwa sababu alikuwa amepungua sana, labda ni kwa sababu barabara ilikuwa nzuri kweli. Tulicheka habari za mnada, tukamsema mchungaji kidogo. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono, hakuuachia.

"Huku tunatengeneza kidaraja cha mfereji," alisema. "Mbao zimeoza, akina mama wanavuka na majani ya ng'ombe kichwani. Wamenipa uenyekiti."

"Mama, mimi huku si mwenyeji. Hata kiwanja sina."

"Umekuja kwa njia gani leo?"

Nilikuwa nimevuka pale pale. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa noti kadhaa, nikazihesabu mbele yake na kumkabidhi.

"Umebakiza nauli?" aliuliza.

"Nimebakiza."

"Nauli ya kushuka mjini siku hizi ni kiasi gani?"

Nikamtajia, na nikaitaja kubwa kuliko ilivyo. Bibi Afya alinitazama kwa muda, macho yamekuwa madogo, mkono wangu bado anao.

"Imepanda, eh?" alisema, kisha akacheka mpaka akakohoa, na akaniachia.